Sista Hapandi Nyuma Yangu

Niseme mapema, msomaji asije akadhani anasoma habari za mtu wa kawaida: mimi nina diploma ya uhandisi wa magari. Niliipata kwa jasho langu, bila mjomba serikalini na bila harambee. Nikaenda nayo Ghuba, nikafanya kazi miaka sita katika bohari la vipuri, nikarudi Nakuru na mabati mapya ya nyumba ya mama, viatu vya kutosha, na kofia ya pikipiki yenye kioo cheusi ambayo hakuna mtu mwingine mtaani kwetu Kaptembwo aliyekuwa nayo. Mimi ni mtu wa kuelezwa jambo mara moja.

Mwanamke ninayetaka kumwandika hapa alinieleza klachi mara kumi na nne. Aliyehesabu ni yeye.

Tunamwita Sista. Si mtawa. Alikuwa muuguzi, na huku kwetu muuguzi akishaitwa sista hospitalini hubaki sista maisha yake yote, hata astaafu, hata awe na wajukuu. Jina lake jingine liko kwenye kitambulisho chake na sijawahi kuliona. Alikozaliwa na watu wa kwao sitaeleza, kwa sababu hakuwahi kutueleza, na mwanafunzi aliyemuuliza alitumwa kusukuma pikipiki kuzunguka kiwanja mpaka asahau swali. Tunachojua ni kwamba kwa miaka mingi alipewa pikipiki ya serikali na kisanduku cha barafu chenye chanjo, akawa anapanda na kushuka milima ya Molo, Elburgon na Kuresoi akichanja watoto ambao sasa ni watu wazima wenye ndevu. Baadhi yao ni polisi wa trafiki.

Siku moja tulisimamishwa barabara ya Njoro, mimi nikiwa nyuma yake. Afisa akanyoosha mkono. "Mathe, leseni."

Sista akamtazama juu ya miwani. "Wewe si ule wa Turi? Wewe ndiye ulinipiga teke nikikuchanja."

Yule afisa, mtu mzima mwenye kitambi, akajishika mkono wa kushoto kana kwamba bado unauma. "Pita tu, Sista."

Hakupita. Alitoa leseni, akampa, akamngoja aisome yote, mbele na nyuma. "Kazi ukifanya, fanya," akamwambia. Tulikaa pale mpaka magari matatu ya makosa ya wazi yakapita bila kusimamishwa na mtu.

Ndivyo alivyo. Akifanyiwa upendeleo anaukataa, lakini kanisani huegesha pikipiki yake mahali pa mchungaji, na mchungaji mwenyewe huegesha nje kwenye matope. Hapendi kelele, ila ndani ya kofia huimba nyimbo za injili kwa sauti inayosikika mpaka kwa wanaokuja upande wa pili. Kila mwanafunzi mpya humwambia, "Pikipiki ni kitu kibaya. Mimi nikiwa na uwezo ningezifungia zote," na wakati anasema hayo anafuta tangi la pikipiki yake mwenyewe kwa pindo la leso, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Kila akipita Sachangwan, pale lori la mafuta lilipowateketeza watu, hupunguza mwendo na kuacha kuimba, na sisi watu wa bonde hili hatumuulizi kwa nini.

Nilifikaje mikononi mwake? Nilinunua pikipiki kabla ya kujua kuiendesha.

Hilo ni kosa letu sisi tuliorudi kutoka nje. Mtu akishatangaza kwamba yeye ni mtaalamu wa injini, hawezi tena kuuliza breki ya nyuma iko mguu gani. Nilinunua mpya, nikaletewa nyumbani kwa pikapu, na majirani walipouliza mbona sikuja nikiiendesha, niliwaambia kwamba injini mpya haifai kuanza kazi kwenye lami yenye joto. Hakuna kitu kama hicho duniani. Walitikisa vichwa kwa heshima.

Pikipiki ilikaa sebuleni siku tisa. Mama aliitandika kitambaa chake cha kufuma kwenye kiti, kile kile cha makochi, na kingine kidogo juu ya tangi. Wageni walikaa wakiitazama kama maiti. Siku ya kumi mama alichoka.

"Hii kitu itatoka lini?"

"Ninangoja mafuta yake yatulie, mama."

"Sista anafundisha wasichana wa maziwa pale kiwanjani. Enda akufundishe."

"Mama, mimi nina diploma."

"Ndiyo," akasema, akikunja kitambaa. "Enda nayo."

Nikaenda. Nilivaa koti la ngozi, glavu, na ile kofia ya kioo cheusi, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Nilisukuma pikipiki kwa kupitia njia ya nyuma ili nisionekane. Kiwanja chenyewe ni uwanja wa vumbi ukingoni mwa Kaptembwo, na pembeni yake kuna kibanda cha mama mboga, mwanamke mwenye mdomo ambao ungefaa bungeni. Sista alikuwa amekaa kwenye debe, akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Karibu naye alisimama msichana wa miaka kumi na tisa aitwaye Chebet, aliyetaka kujifunza ili apeleke maziwa ya kwao kutoka Njoro.

Nilijitambulisha. Kisha, ili tuokoe muda, nikawaeleza jinsi injini inavyofanya kazi: mafuta yanavyochanganyika na hewa, pistoni inavyopanda, plagi inavyotoa cheche. Nilitumia fimbo kuchora kwenye vumbi. Nilizungumza dakika kumi na sauti yangu ilikuwa nzuri.

Sista akamimina chai iliyobaki. "Vizuri sana. Sasa iwashe."

Nikapiga kiki. Nikapiga tena. Nilipiga mpaka jasho likajaa ndani ya kofia na kioo kikapata ukungu, nikawa siwaoni tena, nawasikia tu. Nilianza kueleza kwamba kiwandani huenda walikosea kufunga kabureta.

"Diploma," Sista akasema, na tangu saa hiyo sijawahi kuwa na jina lingine Kaptembwo. "Ufunguo wa mafuta, chini ya tangi. Ufungue."

Niliufungua. Ikawaka mara moja. Kwa aibu nikatia gia na kuachilia klachi ghafla, na pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyechomwa, ikavuka kiwanja, ikaingia kwenye kibanda cha mboga. Nilijikuta chini, na kwenye kioo changu cheusi limenata jani zima la sukuma wiki.

"Karibu, customer," alisema mama mboga. "Ya shilingi ngapi?"

Wiki iliyofuata niliingia tena kwenye kibanda kile kile. Safari hiyo hakuinuka hata kwenye kigoda. "Diploma amerudi," aliita. "Leo anataka nyanya."

Kile kioo cheusi Sista alikuwa amekitoa kwa bisibisi siku ile ya kwanza na kukitia mfukoni. "Kuendesha ni kuona," alisema. Kesho yake alitufumbisha macho. Akikuambia leo jambo moja, kesho atakufundisha kinyume chake, na yote mawili yatakuwa kweli.

Maana hiyo ndiyo sheria yake kubwa, na sijaisikia kwingine: hakuna mtu anayeendelea kushika usukani kabla ya kukaa nyuma yake siku tatu akiwa amefumba macho. Unapanda, unafumba, anaondoka nawe kuelekea Njoro, na kila mara anauliza bila kugeuka, "Gia?" Unajibu kwa kusikiliza injini tu. Ukikosa anasimamisha, unashuka, unatembea mpaka nguzo ya stima inayofuata, na hapo anakupakia tena. Chebet alikosa mara moja, na mpaka leo anadai aliyekosea ni Sista. Mimi naijua barabara ya Njoro nguzo kwa nguzo. Kuna nguzo moja ina tundu la ndege upande wa magharibi.

Siku ya tatu nilichoka kutembea. Nilifungua jicho moja, nikachungulia mguu wake. "Ya tatu!" nikasema.

"Ni ya tatu. Na una jicho wazi. Shuka."

"Umejuaje, Sista?"

"Mtu akisikiliza huwa mzito. Wewe umekuwa mwepesi ghafla."

Nilitembea nguzo mbili.

Mwisho wa mafunzo kwake si karatasi. Karatasi, anasema, ni za serikali, na serikali haipandi nyuma yako. Yeye ndiye anayepanda. Anavaa kofia yake ya zamani, nyeupe, yenye msalaba mwekundu uliofifia mpaka ukawa wa waridi, anakaa nyuma yako, mnaenda mpaka sokoni na kurudi. Haongei. Haimbi. Kama umeiva, mahali fulani njiani utasikia kofia yake ikigonga yako, tok, na uzito wake wote ukikuegemea mgongoni. Amelala. Hapo umehitimu.

"Abiria akiwa na hofu, macho yanakaa wazi yenyewe," alitueleza. "Mdomo unaweza kusema dereva ni mzuri. Mwili haudanganywi."

Nadhani alijifunza usingizi huo milimani, alipopakiwa na madereva wa kila aina, kutoka zahanati moja mpaka nyingine. Ngurumo ya injini ndiyo blanketi yake. Injini ikinyamaza, anaamka papo hapo, kama mama aliyesikia mtoto ameacha kupumua. Na akishaamka, ukimwambia alikuwa amelala, anakataa kabisa. "Mimi? Nilikuwa naomba."

Nyuma ya Chebet aliomba kuanzia kiwanjani mpaka sokoni, na akaendelea kuomba kurudi. Chebet alikuwa amejifunza kwa siku tisa.

Zamu yangu ilifika wiki ya saba. Niliijua pikipiki sasa, hilo sitalificha. Kona nilizikata vizuri, breki nilizibana kwa upole, mama mboga alikuwa ameacha kuhamisha nyanya zake akiniona. Sista alipanda nyuma yangu bila neno. Sokoni tulikwenda na kurudi nusu njia, na kofia yake haikunigusa. Nikamwomba tupandishe barabara ya Menengai kidogo, ili aone ninavyopanda mlima. Nadhani aliinua mabega, kwa sababu nilihisi koti langu likivutika.

Tulipanda. Tuligeuka juu, tukaanza kuteremka, mji wote ukiwa chini yetu na ziwa likimeta kule mwisho. Na pale, kwenye mteremko, nikaisikia.

Tok.

Kisha uzito. Niwaambie ukweli, siku niliyopokea diploma sikujisikia vile. Mtu yeyote mwenye akili angeendelea tu kuendesha mpaka kiwanjani.

Lakini mimi nilikuwa nimepiga hesabu. Nyumbani, usiku uliotangulia, nilikuwa nimegundua kwamba mtu akiuteremka mlima huo fri, yaani ametoa gia na kuzima injini, pikipiki ikijitelezea yenyewe, anaokoa mafuta ya kujaza kikombe. Vijana wengi wa bodaboda huteremka hivyo, lakini hawana hesabu, wana mazoea tu. Mimi nilikuwa na hesabu. Nilitaka tufike kiwanjani nimfungulie tangi aone. Wiki saba alikuwa amenifundisha mimi. Nilitaka nami, hata siku moja, nimfundishe yeye kitu.

Nikatoa gia. Nikazima.

Ulibaki upepo tu masikioni, na tairi zikinong'ona. Mwendo ulizidi haraka kuliko hesabu zangu. Nilihisi uzito ukitoka mgongoni mwangu mara moja, na vidole vikinigonga begani, mara tatu.

"Simamisha."

Nilibana breki zote mbili. Zilinuka. Tulisimama mbele kuliko nilivyotaka, tairi la mbele likiwa limeng'ang'ania ukingo wa mtaro. Hakuna aliyeumia. Nalisema hilo kwa sababu nimelisema mara nyingi tangu siku hiyo, na halijanisaidia.

Sista alishuka, akavua kofia. Alikuwa na sura ya mtu aliyeamshwa kuambiwa habari mbaya.

"Watu wa fri nimewapokea mimi," alisema. "Walikuwa wanaletwa zahanati wamelazwa juu ya milango, machela hakuna."

"Sista, nilikuwa na breki mbili, na mteremko wenyewe ukiupima..."

"Ulijua nimelala?"

Nilifikiria kusema sikujua. "Nilijua."

"Ukazima."

Nilitazama tairi kwenye ukingo wa mtaro.

"Sawa," alisema, akaanza kutembea. Nilimfuata nikiwa juu ya pikipiki, polepole, nikimweleza habari za mafuta, mpaka akakata njia ya miguu katikati ya nyua mbili ambapo pikipiki haiingii.

Usiku ule niliandika maelezo kamili kwenye fulskepu, kurasa mbili na mchoro wa mlima. Asubuhi nikampelekea. Sista hasomi nusu ya kitu. Alisoma yote pale kwenye debe lake, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akasahihisha mahali nilipokosea kuzidisha, akanirudishia.

"Hesabu nzuri," alisema. "Lakini mimi nitatembea."

Akatembea miaka minne.

Msidhani alininunia. Alinisalimu, alinitania, alikunywa chai yangu. Nilifanya mtihani wa serikali nikapita mara ya kwanza, nikapata leseni, nikaanzisha biashara ya kupeleka vifurushi mjini na nje ya mji. Leo nina pikipiki saba, na kila moja ina boksi nyuma lenye sura yangu imechorwa kwa rangi. Mchoraji alinipa meno mengi kuliko niliyo nayo. Mama mboga anasema nafanana na mtu aliyeshindwa uchaguzi wa wadi. Hata hivyo ni pikipiki saba, na sikukopa tairi hata moja.

Waendeshaji wangu wote niliwapeleka kwa Sista kabla ya kuwapa ufunguo. Ilikuwa sheria yangu, na mtaani walinisifu kwa hiyo. Alipanda nyuma yao wote. Alilala nyuma yao wote. Mmoja alikuja kuniambia kwamba Sista alikoroma, akiwa na furaha kama aliyepata mtoto, na mimi nikampongeza, nikaingia ofisini, nikakaa. Chebet nilimwajiri awe mkubwa wao, maana hakuna anayemzidi, na kila pikipiki ya Sista ilipogoma, ndiye aliyempeleka kanisani. Pikipiki ilikuwa yangu, mafuta yangu, sura kwenye boksi yangu. Mgongo tu ndio ulikuwa wa Chebet.

Nilijaribu kila njia. Nilimkuta Sista njiani bila pikipiki yake, mvua ikinyesha, nikasimama. "Nitatembea, Diploma." Nilimkuta na gunia la viazi. Alipakia viazi kwenye pikipiki yangu, yeye akatembea. Nilimweleza kwamba sijateremka fri tena tangu siku ile, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika hata ukutani ofisini marufuku ya waendeshaji wangu kufanya hivyo, kando ya lile tangazo langu jingine, ZIMA INJINI UKISIMAMA. Alisikiliza vizuri. "Umefanya jambo jema," alisema, akaendelea na safari yake kwa miguu.

Mwaka huu mvua ilikuja kwa fujo. Mchana mmoja, saa saba, Chebet alinipigia simu kutoka Naivasha, nikisikia maji yakichupa nyuma ya sauti yake.

"Boss, niko Kihoto. Ziwa limeingia hadi kwa barabara. Siwezi toka saa hii."

"Wewe uko sawa?"

"Niko fiti. Lakini Sista ako kliniki ya macho, hapo hospitalini. Nilimwambia nitamchukua saa nane. Hawa wengine wote wako mbali, nimewapigia. Enda wewe."

"Hatapanda."

"Boss, wamemtia dawa ya macho. Haoni vizuri. Atatembea aje?"

Nilikwenda. Njiani nilipata wazo ambalo naliandika hapa kwa sababu nimeahidi kusema ukweli: kwamba kama haoni vizuri, ningeweza kunyamaza, akapanda akidhani mimi ni Chebet. Nilikuwa hata nimeanza kufikiri namna ya kukohoa kisichana.

Sista alikuwa kwenye benchi nje ya kliniki, kofia nyeupe mapajani, macho yamelowa na mekundu, akitazama mbele kama mtu anayetazama ukungu. Amepungua mwili. Nilisimamisha pikipiki hatua kumi kutoka kwake. Sikusema kitu.

"Diploma," alisema.

"Umejuaje?"

"Hiyo pikipiki yako inaimba kwa pua. Vali hujazirekebisha tangu uinunue. Mwenye diploma!" Akanyoosha shingo. "Chebet ako wapi?"

Nilimweleza habari za Kihoto. Alitikisa kichwa, akainuka, akapapasa ukuta.

"Haya. Nitatembea."

"Sista, huoni."

"Miguu ndiyo inatembea."

Akaanza kushuka njia kuelekea barabarani, mkono mmoja kwenye ua. Sikujua la kufanya, nikazima injini, nikashuka, nikawa nasukuma pikipiki kando yake. Tulikwenda hivyo, mimi na koti langu la ngozi, yeye na kofia yake kichwani, mvua nyembamba ikianza tena. Watu walitupisha. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza, "Boss, imekataa?" Nikamwambia ndiyo, imekataa.

Karibu na geti Sista alisimama kupumzika.

"Daktari ameniambia niache kuendesha," alisema. Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anayesoma kipimo cha mgonjwa mwingine. "Si leo tu. Niache. Macho hayatarudi. Kwa hivyo kutoka leo mimi ni abiria."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Kuna miwani, kuna upasuaji, niliwahi kusoma. Nilikuwa nimefungua mdomo. Kisha nilimwona akigeuza uso huku na huku, akitafuta nilikosimama, na maneno yote yakaondoka, likabaki moja ambalo kwa miaka minne, na kurasa mbili za fulskepu, sikuwa nimelitia popote.

"Sista, nilikosa."

 Mvua iligonga kofia yake.

"Hiyo ni sentensi fupi," alisema mwishowe. "Imechukua miaka minne ikitoka wapi?"

"Sijui, Sista."

"Na hiyo nyingine, ya kusema hujui, sikuwahi kuisikia kwako." Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kiti cha pikipiki. "Iwashe."

Niliiwasha. Alipanda, akavuta leso, akanishika koti. Kutoka hospitalini mpaka mjini ni mteremko, na niliuteremka na gia ya pili, injini ikiguna na kulalamika kwa pua yake yote. Magari yalinipita. Kijana yule wa bodaboda alinipita, akateleza fri, kimya kama samaki, akanipungia mkono kwa kunihurumia. Tuliingia barabara kuu, tukatoka, tukashika njia ya Kaptembwo. Sikumsikia Sista akiimba. Sikuthubutu kumuuliza kitu. Kwenye matuta nilipita kama mtu aliyebeba sufuria ya uji.

Karibu na kiwanja, tok.

Sikugeuka. Mgongo wangu ulikuwa umelowa na mzito, na ule uzito ulikuja wote, kidogo kidogo, mpaka nikalazimika kukaza mikono kwenye usukani. Mama mboga alituona tukikaribia. Aliinuka kwenye kigoda, akafungua mdomo, na nilijua ana kitu kizuri sana cha kunirushia. Kisha akaona. Akajiziba mdomo kwa leso yake na kukaa tena.

Nyumba ya Sista ni ya tatu baada ya kibanda. Nilifika getini, nikaweka mguu mmoja chini, taratibu, kisha wa pili. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo kwa mazoea. Nikaurudisha.

Mimi ndiye niliyeandika ukutani, kwa herufi kubwa, ZIMA INJINI UKISIMAMA. Nilikaa mbele ya geti lile, mvua ikinyesha, gia imetoka, injini ikinguruma kwa pua, na kofia nyeupe imeegemea yangu. Jirani mmoja alipita, akauliza kwa mkono mbona sizimi. Nilimwashiria aende.

Asubuhi nilikuwa nimejaza tangi. Kwa hesabu zangu, pikipiki ikiwa imesimama, mafuta yale yangetosha mpaka magharibi.